Pontiac ya Mzee Metro

"Wewe Metro! Hiyo draya ni ya nywele, si ya boneti!"

Stefka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, kichwani rola, mkononi mwiko. Mvuke wa jikoni ulikuwa unamtoka mgongoni kama treni. Mumewe hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye theluji karibu na gurudumu la mbele, anapuliza hewa moto kwenye bati.

"Dakika mbili."

"Dakika mbili ulisema saa ile! Nywele mbichi hizi. Zitaganda, na wewe utaganda, watuzike wote siku moja."

"Ardhi ngumu sasa hivi," Metro akasema. "Hawatuziki mpaka Mei."

"Basi watuweke bandani na friza zangu!"

Akabamiza mlango. Kisha akaufungua tena, maana alikuwa hajamaliza.

"Na Jumamosi utalibeba mgongoni mpaka kanisani? Eh? Barabara yote chumvi na mchanga. Ukifika kona ya kwanza limeshakuwa kama kinyesi cha njiwa."

"Bi harusi akitoka mlangoni alikute linang'aa," Metro akasema. "Baada ya hapo lolote."

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha chini kwenye nyumba yao, Winnipeg, upande wa kaskazini wa reli. Dirisha langu lilikuwa usawa wa theluji, kwa hiyo nilichokuwa naona kila siku ni viatu vya Mzee Metro na matairi ya Pontiac yake. Wiki ile sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeacha moja na nyingine sijaipata, na kukaa ndani siwezi, nikikaa saa moja miguu inaanza kuniwasha. Basi nilikuwa napanda juu kuvuta sigara, namwangalia.

Mzee Metro Pawluk alikuwa mfupi, mpana, mwenye masikio mekundu yasiyokubali kofia. Miaka yake yote ya kazi aliendesha greda la manispaa, lile la kusukuma theluji barabarani. Alishastaafu, lakini theluji ikianguka usiku anaamka, anakaa dirishani kuwasikiliza waliochukua nafasi yake, anawatukana polepole.

Gari lenyewe lilikuwa Pontiac stesheni wagoni ya mwaka themanini na tano, rangi ya maini, ndefu kama jeneza la watu wawili. Banda alilijenga kwanza, gari akanunua baadaye, na hakupima. Likiingia, kitako chote kinabaki nje, mlango haufungi. Kwa hiyo lililala uani miaka yote, limefunikwa turubai, na majira ya baridi halikutoka kabisa. Dukani alikuwa akienda na kigari kidogo cha Stefka, ambacho chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilishakila mpaka ukikanyaga breki unaona lami.

Sasa, kuhusu Jumamosi. Mjukuu wao, Darusia, alikuwa anaolewa. Kwa desturi yao bi harusi anatokea nyumbani kwa wazee, anabarikiwa kwa mkate, halafu anapelekwa kanisani. Swali lilikuwa anapelekwa na gari gani. Upande wa bwana harusi walishakodi gari kubwa jeusi, na shemeji yake, jamaa anaitwa Lyle, ndiye angeliendesha. Darusia alikuwa amekuja kula Jumapili, mdomo umejaa, babu yake akamwambia: "Mimi nitakupeleka na Pontiac."

Darusia akacheka. "Babu, nguo nyeupe ile bibi ameishona miezi, niisugue kwenye chumvi? Likiwa linang'aa nitapanda. Likiwa chafu kama magari ya watu, napanda la kina Lyle."

Akaendelea kula. Nadhani alishasahau kabla hajafika kwenye keki. Lakini Metro aliweka uma chini, akaenda dirishani akaangalia turubai, na kuanzia Jumatatu asubuhi akawa nje.

Kupiga nta gari kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri ni kazi ya kichaa, na kila mtu mtaani alimwambia hivyo. Nta haitaki baridi. Inakuwa jiwe ndani ya kopo, na ukifanikiwa kuipaka inashika kama gundi, hufuti wala hubandui. Kwa hiyo Metro alikuwa na namna yake. Kopo la nta alilifuga kwapani, ndani ya koti, kama kuku na yai. Vitambaa vya kufutia, vipande vya shuka la flaneli, alivizungushia chupa ya mpira ya maji moto na kuvitia kifuani. Anachagua kipande cha bati kama ubao wa kukatia mkate, si zaidi. Anakipasha kwa draya mpaka kiganja kinasikia joto. Anatoa kopo, anachota kwa kidole, anapaka, anarudisha kopo kwapani, anatoa kitambaa, anafuta haraka kabla bati halijapoa. Halafu kipande kinachofuata. Glavu hakuvaa, alisema kwa glavu husikii kitu. Vidole vilikuwa vyeupe kama mishumaa, kila baada ya muda anaviweka shingoni, anasonya, anaendelea.

"Lipeleke pale wanapoosha magari, ndani kuna joto," nilimwambia siku moja.

"Yale mabrashi yanakwaruza. Na kurudi je? Si narudi na chumvi?"

Nikawasha sigara nyingine.

Jirani wa upande wa pili, Rogelio, Mfilipino anayefanya kazi kiwanda cha mabasi, akitoka shifti alikuwa anasimama kwenye uzio na kikombe chake.

"Mzee, likizidi kung'aa ndege watatua."

"Watue."

"Mke wangu anasema nikuulize, ukimaliza hilo utakuja na kwetu? Ana sufuria."

"Mwambie alete. Nta ninayo."

"Bibi Stefka naye umemng'arisha lini mara ya mwisho?"

Dirisha la jikoni likafunguka. "Nimesikia, Rogelio! Wewe na yeye wote, mnahitaji kichapo!"

Rogelio akacheka mpaka kahawa ikamwagika, ikaganda kwenye glavu.

Ijumaa jioni draya iliungua. Ilitoa cheche moja, harufu ya nywele za kuchomwa, ikanyamaza. Metro aliigeuza geuza, akaiweka juu ya theluji taratibu. Kilichobaki kilikuwa kona moja ya mlango wa nyuma. Akaipasha kwa kiganja na pumzi, mpaka giza likaingia. Stefka aliiona kutoka dirishani. Alivaa koti akaenda kwa mke wa Rogelio na rola zake.

Kuna kitu Stefka aliniambia usiku huo aliporudi, nikiwa jikoni kwake nalipia mlo kwa kumenya viazi. Binti yao, Marusia, mama yake Darusia, aliolewa mwezi wa tatu, na asubuhi hiyo ilianguka theluji ya kufunika milango. Manispaa ikaita madereva wote wa greda. Metro akaenda. Bi harusi akapelekwa kanisani na mjomba, kwenye gari la kubebea mbegu za viazi. Baba mtu alifika mkate umeshamegwa, bado na buti za kazi. Watu husema barabara ile ya kanisani ilifunguliwa na yeye, ndiyo maana wageni walifika. Yeye akiulizwa anasema, "Nilikuwa kazini." Basi.

"Kwa hiyo mwache asugue," Stefka akasema. "Lakini draya atanunua."

Jumamosi ikaja na jua, lile jua la huku lisilo na joto hata kidogo. Nyuzi kumi na nane chini. Pontiac ilikuwa imesogezwa mbele ya nyumba tangu alfajiri, turubai limetolewa, waya mrefu wa rangi ya chungwa umetoka kwenye soketi ya varandani mpaka puani mwake. Magari ya huku yana mkia huo mbele, wa kupasha injini isigande. Na lilikuwa linang'aa kweli. Nilijiona kwenye mlango wake, na nilikuwa sijachana nywele.

Mlango wa nyuma, ule wa mizigo, Metro alikuwa ameuacha wazi kidogo, ukingo umelalia gunia la mchanga wake wa kujikwamulia kwenye theluji.

Rogelio alitaka kusaidia. Akatoa mashine yake ya kurusha theluji asafishe njia, bi harusi apite vizuri. Akasafisha njia nzima. Akafika mwisho, pale barabarani, kwenye ule uji wa kahawia wa chumvi na mchanga usiogandaga hata vingine vyote vikiganda. Mashine ikanasa, ikaruka, shingo yake ya kurushia ikageuka. Uji wote, toroli zima, ukalala kwenye ubavu wa Pontiac kuanzia taa mpaka taa.

Mashine tu ndiyo ilikuwa inaunguruma.

"Mzee," Rogelio akasema. "Mzee, nisamehe. Imenigeukia."

Metro alikuwa kwenye ngazi, amevaa suti na tai. Aliangalia gari. Ndani walikuwa wanamvalisha Darusia viatu.

"Usifute!" akapiga kelele, maana Rogelio alikuwa ameshavua kofia yake afute nayo. "Mchanga huo! Utakwaruza!"

"Maji ya bluu basi, ya vioo, hayagandi, ninayo—"

"Yanakula nta!"

Akaingia ndani mbio. Nikasikia bomba la bafuni linafunguka. Akatoka na ndoo mbili zinazotoa moshi.

Sasa huyu ni mtu aliyeishi na barafu maisha yake yote. Angekuona wewe unafanya hivyo angekunyang'anya ndoo. Mtoto wa shule huku anajua. Stefka alimwona kwa dirishani, mikono imejaa unga wa mkate wa baraka, akagonga kioo kwa kiwiko: "Metro! Maji, Metro! Maji!" Lakini Metro alikuwa ameshamimina. Alimimina kuanzia juu, taratibu, uji ukateremka wote kama unavuliwa nguo. Akaenda upande wa pili akamimina na huko, mng'aro ulingane. Ndoo zikaisha. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia.

Niseme ukweli, hata zile siku zote za kusugua gari halikuwahi kufikia pale. Maji yalikuwa yamekuwa kioo hapo hapo. Rangi ya maini ilikuwa inaonekana kutoka chini, ndani sana, na jua linacheza juu. Rogelio alisema neno moja la kwao nisilolijua.

"Safi," Metro akasema. Akaenda kubariki mjukuu.

Baraka sikuiona, nilibaki nje. Nilisikia wanaimba. Lyle alikuwa ameshafika na gari lake jeusi, injini inawaka, vioo vimepanda, anakula mkate wa sukari. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka Darusia. Nguo ilikuwa nyeupe mno, na juu yake koti la bibi yake la manyoya. Akashuka ngazi mbili, akasimama.

"Babu," akasema.

"Nini?"

"Umelifanyaje?"

"Nimelifuta."

Mzee akashuka kumfungulia. Akashika kishikio cha mlango, akavuta. Akavuta tena. Akahamia wa mbele. Akazunguka upande wa pili, anaweka mkono kila mlango, kama mtu anayepima homa. Hakuna uliotikisika. Maji yalikuwa yameingia kwenye mipira yote ya milango, yakafunga.

"Imeganda?" Darusia akauliza.

Masikio ya Metro ndiyo yalijibu, yalikuwa yamekuwa zambarau.

"Arudi ndani apate joto, nilete kisu," Rogelio akasema.

"Harudi!" Stefka akafoka kutoka mlangoni. "Bi harusi akishatoka katoka! Unataka ndoa irudi nusu njia? Mwingine asiyejua kitu huyu!"

"Basi nilete draya."

Stefka alimtazama Rogelio, kisha mumewe, kwa muda mrefu.

Lyle akateremsha kioo. "Mzee Metro, huku kuna nafasi! Viti vina moto! Njoo, Darusia, utapata nimonia."

Ilikuwa kweli. Pumzi za watu zilikuwa zinatoka na kusimama hewani. Darusia mguu wake wa kushoto ulishaanza kutetemeka, ule wa kulia bado. Metro alikuwa amesimama na mkono juu ya kishikio, havuti tena, ameushika tu. Akasema polepole, "Nenda naye."

Akasogea pembeni, apite.

Darusia akapiga hatua. Lakini alikuwa anaangalia nyuma ya gari, si gari jeusi.

"Na ule je?"

"Upi?"

"Ule wa nyuma. Uko wazi."

"Ule wa mizigo."

"Wa mizigo? Si ndiyo nilikuwa napanda mimi? Kile kiti cha kuangalia nyuma. Nilikuwa nawatolea watu ulimi mpaka ziwani."

Metro akageuka akaangalia gunia lake la mchanga kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona.

"Utachafuka," akasema.

"Nitachafukia wapi? Pote ni barafu tupu. Panda babu, nakufa na baridi!"

Akapanda. Suti, tai, na kila kitu. Akaingia kwa mlango wa mizigo, akatambaa juu ya kiti cha nyuma, akavuka cha katikati, akakwama kwenye cha mbele, na kwa muda tulichokuwa tunaona ni nyayo za viatu vyake na soksi za kijivu. Lyle alikuwa anacheka amelalia usukani. Kisha injini ikashika, mara moja, maana ilikuwa imepata joto usiku kucha. Rogelio na mimi tukatoa gunia, tukakinyanyua kile kiti, Darusia akakusanya nguo yake kama anayevuka mto, akakaa, akatutazama.

"Bibi, unakuja?"

"Mimi siingii kwa mlango wa mbwa," Stefka akasema, akaenda kwenye viti vyenye moto na mkate wake.

Wakaondoka. Mimi nilikuwa na Rogelio, gari la pili nyuma yao. Tulikuwa hatujafika kona, Rogelio akasema, "Hee. Hee, angalia."

Waya. Ule wa rangi ya chungwa. Ulikuwa umepita chini ya gari, unatokea nyuma, unacheza barabarani kama nyoka aliyekasirika, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kinarukaruka. Soketi yenyewe. Soketi ya varandani, na kipande cha ubao wa ukuta.

Rogelio akapiga honi. Lyle naye akapiga honi. Na kwa watu hawa msafara wa harusi ni honi mwanzo mwisho, kwa hiyo Metro akafurahi, akajibu: piii, piii. Tukapiga zaidi. Akajibu zaidi. Watu walisimama kwenye vituo vya basi wakapunga mikono. Darusia alikuwa anatuangalia uso kwa uso, anauona ule waya kuliko sisi, anatuonyesha kwa kidole, anacheka mpaka shela imemkaa puani. Alisema baadaye alipiga kelele, "Babu, waya! Waya!" na babu, feni ya joto inavuma, akamjibu, "Ndiyo, ndiyo, nzuri sana!"

Kufika kona ya tatu barafu ilikuwa inadondoka vipande vipande, na chumvi imepanda hadi madirishani. Kufika kanisani usingejua gari lile liliwahi kuwa na rangi. Metro akasukuma mlango wake kwa bega kutoka ndani, ukatoa mlio kama chupa inapasuka, ukafunguka. Akazunguka akamfungulia mjukuu. Darusia akashuka, nguo haina doa. Akamrekebishia babu yake tai, wakaingia.

Stefka yeye alikuwa amebaki nyuma ya Pontiac. Ameinama. Ameokota soketi.

"Metro alipoondoka na waya," aliniuliza, na sauti ilikuwa ya upole kabisa, "hii ndiyo soketi ya varandani?"

"Ndiyo, mama."

"Kabichi zangu zimechomekwa wapi?"

Kwenye varanda kulikuwa na vyungu vitatu vya umeme, vimejaa kabichi za kufungwa, wali na nyama ndani, chakula cha ukumbi mzima. Vyote vilikuwa vimechomekwa kwenye soketi hiyo hiyo.

Ibada ilikuwa ndefu. Metro alisimama mbele, kwenye nafasi ya familia, mikono nyuma, na hakuna aliyemwambia mpaka pete zilipokwisha na mataji wanayovikwa maharusi yakavuliwa. Ndipo Stefka akamsogelea sikioni. Niliona masikio yanabadilika rangi.

Nje mpiga picha alikuwa anapanga watu. "Bi harusi na babu, mbele ya gari la zamani! Mzee, njoo huku!"

Metro alikuwa amepiga magoti anaukusanya waya, anauzungusha kiwikoni, duara kwa duara, kama alivyozoea. Akaiweka soketi juu ya boneti, akaiangalia ilivyokatika.

"Babu, picha!" Darusia akaita.

"Piga na lile jeusi, ni safi," akasema. "Mimi naenda nyumbani kuangalia fyuzi."

"Na koleo chukua kwangu!" Rogelio akamwambia. "Iko nyuma ya mlango!"

"Ninayo koleo."

Akarusha waya kwenye kiti cha pembeni, akaingia, safari hii kwa mlango wa dereva, akaondoka.